Chambo Hai na Chambo Kibichi: Mwongozo Kamili kwa Wavuvi wa Mshipi wa Tanga

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Chambo kinaliwa, ndoana inapanda tupu. Vibua waliotiwa kwenye ndoo wakiwa hai wamekufa kabla mtumbwi haujafika kisiwa cha Toten. Dagaa wanakatika kwenye ndoana kabla hawajagusa mchanga. Ngisi amenunuliwa kwa bei ya kuumiza, na samaki hata hamgusi.

Karibu mara zote aliyepatwa na haya amechagua chambo kinachofaa. Tatizo linaanzia kati ya sokoni na majini: jinsi alivyokibeba, alivyokikata na alivyokivika kwenye ndoana. Dagaa wa usiku huu aliyetunzwa vizuri anamshinda ngisi wa jana aliyeloweshwa na maji ya barafu. Mwongozo huu umeandikwa kwa anayevua kwa mshipi wa mkono au fimbo, awe ndani ya mtumbwi, ngalawa, boti, au amesimama ufukweni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Ndoana za ukubwa tofauti, angalau aina tatu. Kumbuka namba za ndoana za kawaida huenda kinyume: namba 12 ni ndogo kuliko namba 7.
- Mshipi wa nailoni, na waya mwembamba kwa ajili ya samaki wenye meno kama nguru na mzia.
- Chubwi za uzito mbalimbali, na kizungusho cha kuzuia mshipi usijisokote.
- Ndoo mbili za plastiki za lita 20, moja iwe na mfuniko uliotobolewa. Usitumie ndoo ya bati. Zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kidogo kidogo kwenye maji ya chumvi na kuua samaki.
- Ndoo ya tatu au debe la plastiki lililotobolewa matundu pande zote, na kamba ya kulifungia ubavuni mwa chombo.
- Deli, barafu, mifuko ya plastiki isiyovuja, na chupa mbili au tatu za maji yaliyogandishwa.
- Chumvi ya mawe, kilo moja au mbili.
- Kisu chembamba chenye makali, na kipande cha ubao.
- Uzi mwembamba wa mpira, au uzi wa kushonea kama huo haupatikani.
- Plaizi, kitambaa kizito, na vipande vya mpira wa tairi la baiskeli vya kuvaa vidoleni.
- Viatu vinavyofunika mguu mzima kama utaingia kwenye matope au kukanyaga mwamba.
- Kimia (wavu mdogo wa kurusha kwa mkono), kama unajua kukirusha.

Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni msaada mkubwa, lakini usiache kwenda baharini kwa kuikosa.

Jambo la ruhusa lisichukuliwe kwa wepesi. Sehemu kubwa ya bahari ya kuanzia Tanga kuelekea Pangani, pamoja na visiwa vya Toten, Yambe na Karange, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Muulize ofisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) wa diko lako, yaani pale vyombo vinapotia nanga, ni wapi panaruhusiwa, kwa zana gani na kwa leseni ipi. Hilo linahusu kukusanya chambo pia, si kuvua samaki tu. Nyama ya kasa au pomboo usiikubali kabisa kuwa chambo, hata ukipewa bure.

## Hatua ya 1: Amua unamtaka samaki gani

Wengi hununua chambo kwanza, halafu wanategemea bahati. Geuza mpangilio huo. Kila samaki ana mdomo wake, meno yake na chakula alichokizoea mahali anapoishi, na chambo kinachomvuta mmoja kinaweza kumpita mwingine pasipo hata kuguswa.

Changu. Anakula chini, kwenye mchanga na nyasi za bahari kandokando ya mwamba. Chakula chake ni kaa, kamba, minyoo na konokono, naye ana meno ya kuvunjia maganda. Mpe kaa mdogo, kamba, mnyoo wa tope au kipande cha ngisi. Usiku anakula vizuri.

Chewa. Anakaa kwenye pango lake na kusubiri. Hafukuzi mbali. Hufungua kinywa ghafla, na mawindo yakaingia mazima pamoja na maji. Kwa hiyo anataka kitu kinene: kichwa cha ngisi chenye minyiri, mnyiri wa pweza, au samaki mdogo aliye hai anayehangaika mbele ya pango.

Kolekole. Huyu anatafuta kitu kinachokimbia. Samaki hai ndiye chambo chake: kibua, mkizi mdogo au chuchunge. Kipande kilichokufa hukichukua pia, lakini lazima kiwe kinatembea na mkondo.

Nguru na mzia. Wanawinda kwa macho na kukata kwa meno. Mara nyingi nguru hupiga mkiani mwa chambo, akakikata nusu ili mawindo yasikimbie, kisha anarudi kula. Ukimvika kibua ndoana moja tu puani, utapandisha kichwa. Zingatia hili, kwa sababu linabadilisha namna ya kufunga ndoana katika hatua ya 6.

Kungu. Kwenye kina kirefu na usiku, kipande cha kibua au ngisi chenye harufu kali kinatosha.

Hongwe na chaa. Hawa utawapata kwenye maji ya tope, midomoni mwa mito na pembeni mwa mikoko. Macho hayawasaidii sana huko, harufu ndiyo inayowaongoza. Minyoo na kamba vinatangulia, dagaa anafuata.

Tasi anapenda majani ya bahari na mwani. Ukimwona amejaa chini ya gati, usimpotezee ngisi.

Utajua hatua hii imekamilika utakapoweza kusema kwa sentensi moja: leo namtaka samaki fulani, yuko mahali fulani, anakula kitu fulani.

## Hatua ya 2: Linganisha siku yako na maji

Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukauka kuliko kawaida, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo, kwenye pwani yetu ya Tanga, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji mafu ni kinyume chake: yanajaa katikati ya asubuhi, na hayapandi wala hayashuki sana.

Kwa mtu wa chambo, maana yake ni hii. Bamvua hufunua fungu la mchanga na matope mbali sana, kwa hiyo saa tatu hadi saa tano asubuhi ni wakati wa kuchimba minyoo na kuokota kaa. Kisha maji yanaanza kujaa, samaki wanayafuata hadi pale pale ulipochimba, nawe unavua mchana hadi jioni kwa chambo ambacho bado kina uhai.

Tatizo la bamvua ni mkondo. Chubwi nyepesi haifiki chini, na chambo laini kinavuliwa na maji. Siku za maji mafu ndizo nzuri kwa kumshusha samaki hai taratibu ukingoni mwa mwamba.

Mwezi unagusa bei pia. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu, dagaa wanaadimika na wanapanda bei. Kama safari yako inaangukia siku hizo, nunua wiki moja kabla na uwatie chumvi.

## Hatua ya 3: Pata chambo chenyewe

### Kununua

Fika soko la samaki la Deep Sea mapema, vyombo vya usiku vinapoingia. Muulize muuzaji moja kwa moja: "Kaka, shikamoo ya kazi. Hawa ni wa usiku huu au wamelala?" Halafu angalia mwenyewe.

Kwa dagaa, simu (samaki mdogo wa jamii ya dagaa) na vibua: jicho liwe limejaa na linang'aa, mashavu ndani yawe mekundu, tumbo lisiwe limepasuka. Bonyeza ubavuni kwa kidole, na nyama irudi. Samaki ambaye tumbo limeshaanza kufumuka hatakaa kwenye ndoana hata umfunge vipi.

Kwa ngisi: ngozi iwe na madoadoa ya kahawia yanayoonekana moja moja, na nyama ya ndani iwe nyeupe inayopitisha mwanga. Akiwa wa waridi mwili mzima, amekaa sana.

Kwa kamba: kichwa kishikane na mwili. Kichwa kikiwa cheusi na kinaning'inia, mwache.

Samaki waliouawa kwa baruti wasiingie ndoani mwako. Pwani yetu imeumizwa mno na baruti, na kila anayenunua anaiendeleza. Ukimpasua samaki wa namna hiyo utakuta damu imevilia kandokando ya mfupa wa mgongo, matumbo yameharibika, pengine hata mfupa umevunjika. Nyama yake hulegea upesi, kwa hiyo hata kama chambo hana thamani.

### Kuchimba na kuokota

Minyoo hupatikana kwenye matope yenye mchanga, kama yale ya upande wa Tongoni na Sahare, karibu na mikoko lakini si katikati ya mizizi. Tafuta vitundu vidogo vyenye marundo ya tope lililosokotwa. Zamisha jembe la mkono pembeni mwa kitundu, inua bonge lote, kisha limega kwa vidole. Ukivuta mnyoo kwa nguvu anakatika, na aliyekatika huoza na kuwaozesha wenzake.

Fukia shimo kabla ya kuhamia lingine, na usikate mizizi ya mkoko. Jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa, kwa sababu viumbe vya chini yake hufa kwa jua.

Kaa wadogo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono ni chambo bora sana cha changu, na hawagharimu chochote. Okota wenye ukubwa wa kidole gumba. Hapa kuna onyo zito: konokono mzuri wa rangi, mwenye ganda la umbo la pia, pana juu na jembamba chini, usimguse. Ana mwiba wa sumu, na baadhi ya aina zake zinaweza kuua mtu.

### Kunasa samaki hai

Kimia kirushwe alfajiri au jioni, kwenye maji ya kiunoni, penye mkizi na chaa wadogo. Kwa vibua, tumia mshipi wenye ndoana ndogo ndogo nne au tano zilizovikwa vipande vyembamba vya ngozi ya samaki. Upandishe mshipi na kuushusha taratibu penye kundi. Wakinasa, wapandishe bila kuwaachia wajigonge ubavuni mwa chombo.

Chandarua usikitumie. Ni kinyume cha sheria, na kinakomba makinda ya samaki wale wale unaotaka kuwavua mwakani.

## Hatua ya 4: Kiweke hai

Hatua hii ndiyo inayowashinda watu wengi kuliko zote, nami ningeomba uisome mara mbili.

Samaki ndani ya ndoo anakufa kwa sababu tatu: oksijeni inakwisha, uchafu wake mwenyewe unageuka sumu, na maji yanapata joto. Hizi sababu zinasaidiana. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huo huo joto humfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi. Ndoo iliyoachwa juani saa tano asubuhi inaua kwa dakika chache.

Lowesha mikono kwanza. Mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga samaki. Anaweza kuonekana mzima, akafa baada ya nusu saa. Kama unaweza, usimshike kabisa, mgeuze ndoana kwa plaizi aangukie ndoani mwenyewe.

Usijaze. Kwenye ndoo ya lita 20, vibua watatu au wanne wanatosha. Kibua ni samaki wa mwendo, hawezi kutulia. Ukitia kumi, unawaua kumi. Mkizi na chaa ni wavumilivu zaidi, na ndio ninaowashauri wanaoanza.

Chota maji pale pale ulipowanasa. Wakati wa masika, maji ya Mto Zigi unapoingia baharini hupunguza chumvi kwa kiasi kikubwa. Samaki aliyenaswa kwenye maji ya bahari akitiwa ghafla kwenye maji ya mdomo wa mto hudhoofika au kufa. Maji ya bomba ni mabaya zaidi, kwa kuwa hayana chumvi na yana dawa.

Badilisha nusu ya maji kila dakika 10 hadi 15. Usiyamwage yote mara moja, mshtuko wa joto na chumvi unadhuru. Kama huna pampu, chota kwa kopo na kuyamimina kutoka juu yakianguka kwa povu, kwani povu hilo linaingiza hewa.

Poza kwa chupa. Tumbukiza chupa ya maji yaliyogandishwa, ikiwa imefungwa. Usitie barafu yenyewe, itayeyuka na kuwa maji yasiyo na chumvi ndani ya maji ya bahari.

Njia bora kuliko zote, na isiyo na gharama, ni ile ndoo iliyotobolewa. Ifunge ubavuni ikiwa imezama robo tatu. Maji mapya yanapita muda wote. Ipandishe ndani unapopiga makasia kwa kasi au kuwasha mashine, la sivyo samaki wanabanwa ukutani na kuchoka.

Kamba hai hawahitaji ndoo ya maji. Wapange ndani ya majani ya bahari mabichi au gunia lililoloweshwa kwa maji ya chumvi, uwaweke kivulini juu ya chupa baridi. Kaa vivyo hivyo. Minyoo iweke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, ndani ya chombo kipana, na uondoe kila aliyekatika.

*Dalili njema:* samaki wanaogelea wakiwa wima, wanazunguka upande mmoja, mashavu yanafunguka kwa mpigo wa kawaida. *Dalili mbaya:* wanapanda juu na kuvuta hewa kwa midomo, au wanalala ubavu. Hapo badilisha maji mara moja na upunguze idadi. Aliyelala ubavu mtoe, mkate vipande akiwa bado mbichi.

## Hatua ya 5: Kitunze kilichokufa

Chambo kilichokufa kina adui mmoja mkubwa kwenye deli: maji ya barafu iliyoyeyuka. Yanalainisha nyama, yanaondoa damu na mafuta, na kuacha kitu cheupe kisicho na harufu. Tia chambo kwenye mfuko, ufunge, kisha uweke juu ya barafu. Kizibo cha deli kiache wazi ili maji yatoke.

Chumvi ni njia ya pili, na kwa dagaa na simu mimi naipenda kuliko barafu. Tandaza chumvi ya mawe, panga samaki safu moja, funika kwa chumvi, endelea hivyo. Chumvi inanyonya maji kutoka kwenye nyama na kuikaza. Baada ya usiku mmoja dagaa anakuwa mgumu wa kutosha kustahimili mkondo na meno ya vidagaa. Mwaga maji yaliyojikusanya chini, ongeza chumvi mpya, na atakaa siku nyingi mahali pa baridi.

Umefaulu ikiwa samaki anapinda bila kukatika na bado ana harufu ya bahari. Harufu ya uozo inavuta kaa, na wakati mwingine hongwe. Changu na kolekole huipita.

## Hatua ya 6: Kata, kisha vika ndoana

Kanuni mbili zinatawala yote. Ncha ya ndoana ibaki nje. Na uwazi wa ndoana uwe mpana kuliko unene wa chambo. Ndoana iliyozikwa ndani ya nyama haichomi, inatoka pamoja na chambo kinywani mwa samaki, nawe unasema ameponyoka.

Samaki hai. Una sehemu tatu za kumchoma, na kila moja ina kazi yake.

Puani au kwenye mdomo wa juu: kwa chombo kinachotembea au mkondo wenye nguvu. Anaelekea mbele kama kawaida, na anaendelea kupumua.

Mgongoni, mbele ya pezi la juu: kwa maji yaliyotulia na mshipi wenye boya. Pitisha ndoana juu juu kwenye nyama, usiguse mfupa. Ukiugusa, amepooza.

Karibu na mkia, nyuma ya pezi la chini: anapojaribu kukimbia anainamisha kichwa na kushuka. Hii ni kwa chewa, ukimtaka samaki wako ateremke ukingoni mwa mwamba.

Kwa nguru na mzia, funga ndoana ya pili kwa kipande kifupi cha waya kutoka kwenye ndoana ya kwanza, uichomeke kidogo tu karibu na mkia. Waya uwe umelegea, samaki apate kuogelea. Nguru akija kukata mkia, anakutana na ndoana.

Simu au kibua mzima aliyekufa. Choma kuanzia chini ya kidevu kutokea mdomo wa juu, ili kinywa kifungike. Kikibaki wazi, maji yanaingia na kumzungusha. Kata mapezi ya mkia kwa sababu hiyo hiyo. Mikato miwili au mitatu ubavuni inatoa mafuta na damu majini.

Kipande cha samaki. Toa mnofu pamoja na ngozi, ukate kwa mshazari upate upande mpana na upande mwembamba. Choma mara moja tu, upande mpana, ndoana itokee kwenye ngozi. Ngozi ndiyo inayoshikilia, na ule upande mwembamba unacheza majini. Anayekunja kipande na kukichoma mara tatu anapata bonge linalozunguka.

Dagaa. Wavike watatu au wanne kupitia machoni, penye mfupa. Kisha zungusha uzi wa mpira mara tano au sita, usiufunge fundo, ujivute na kujibana wenyewe.

Ngisi. Toa uti wake mwembamba wa ndani, menya ngozi ya nje, ukate vipande virefu vyenye upana wa kidole. Choma mara mbili kwenye ncha moja, mkia uwe huru. Kichwa na minyiri usikatekate. Kiweke kizima kwa ajili ya chewa.

Pweza. Mponde kwanza, alegee, kisha kata mnyiri vipande. Nguvu yake ni kwamba vidagaa wasumbufu hawawezi kumla kwa urahisi. Pweza aliye chini ya gramu 500 sheria haimruhusu kuvuliwa, hata kama ni kwa ajili ya chambo.

Kamba. Aliyekufa: vunja mwiba wa kichwani, ingiza ndoana mkiani ukiifuata mikunjo ya mwili, itokee tumboni. Aliye hai: choma kwenye pingili ya mwisho ya mkia, au chini ya mwiba wa kichwani ukilikwepa lile doa jeusi linaloonekana ndani. Ukilichoma, amekufa.

Mnyoo. Mviringishe kwenye mchanga mkavu asiteleze. Pandisha mwili kwenye ndoana kama soksi, ukiacha sentimita mbili au tatu zikicheza.

Kaa. Toa magando, kata katikati kama ni mkubwa, ingiza ndoana kwenye tundu la mguu itokee kwenye gamba. Yule wa kwenye ganda la konokono mvunjie ganda taratibu kwa jiwe. Choma kuanzia sehemu ngumu kwenda tumboni, kwa maana tumbo peke yake halishiki.

Kabla ya kushusha, jaribu. Vuta chambo ubavuni mwa chombo kwa mwendo wa mkondo, ukikitazama. Kikienda sawa, shusha. Kikizunguka, kitoe ukivike upya. Jaribio hili la nusu dakika linaokoa saa nzima ya kusubiri bure.

## Hatua ya 7: Shusha, na ujue wakati wa kuvuta

Tumia chubwi nyepesi kuliko zote inayoweza kufika chini. Nzito inaua mwendo wa chambo, na samaki anauhisi uzito. Ikigusa chini, inua mshipi kama pima moja (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) ili usinase kwenye matumbawe.

Usijizungushie mshipi mkononi hata mara moja. Samaki mkubwa akikimbia, nailoni inakata hadi mfupani. Vaa vile vipande vya mpira vidoleni, na uuache mshipi upite.

Changu anadonoa, anaacha, anadonoa tena. Usivute kwenye madono hayo. Subiri mshipi uwe mzito na uende upande mmoja, kisha vuta kwa mkono mmoja mrefu.

Chewa hadonoi. Unahisi uzito tu. Vuta papo hapo bila kulegeza, kwa sababu akiingia pangoni na kutanua mashavu hatoki.

Kolekole aliyemchukua samaki hai aachiwe mshipi kidogo, uhesabu moja hadi tatu, kisha uvute. Kama unatumia ndoana za mviringo, usikutue. Kaza polepole tu, ndoana itajishika pembeni mwa mdomo.

Nguru akikata chambo na ukahisi wepesi wa ghafla, usikimbilie kuvuta. Acha kilichobaki kishuke. Mara nyingi anarudi.

Hongwe akipanda, mshike kwa kitambaa na plaizi, ukiangalia miiba ya mgongoni na kwenye mapezi ya mbele. Ukichomwa, osha kidonda, ukitumbukize kwenye maji ya moto unayoyastahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi. Joto hupunguza maumivu ya sumu ya samaki. Kisha nenda kituo cha afya.

## Hatua ya 8: Badilisha mapema, na usome ndoana inavyorudi

Chambo kilichokufa kikikaa majini dakika 20 kimeshapoteza harufu yake nyingi, hata kama kinaonekana kizima. Kitoe, weka kipya. Samaki hai abadilishwe akianza kulegea.

Ndoana ikirudi tupu mara tatu mfululizo, wanaokula ni wadogo. Hamia kwenye pweza au dagaa wa chumvi, au punguza ndoana na chambo uone ni nani.

Ikirudi na kichwa tu, chini kuna meno. Funga waya na ndoana ya pili.

Ikirudi na chambo kizima kilichopondwa, samaki alikishika akakitema. Ncha ilifunikwa, au ndoana ni ndogo mno kwa chambo hicho.

Isipoguswa kabisa kwa muda mrefu, ingawa chambo ni kibichi, tatizo ni mahali au maji. Ponda vichwa vya dagaa na mchanga, mwaga konzi moja juu ya mkondo, usubiri. Konzi moja inatosha kwa kuanzia. Ukimwaga nyingi unawashibisha, wakaacha ndoana yako.

Jioni, tenga mabaki. Kilichobaki kibichi kitie chumvi usiku ule ule. Kilichogandishwa kikayeyuka usikigandishe tena, kwa kuwa nyama yake haitashika ndoana. Samaki hai waliobaki waachie pale ulipowanasa, na ndoo zisuuzwe kwa maji ya bahari bila sabuni, maana sabuni iliyobaki kwenye plastiki ndiyo itakayowaua vibua wa safari ijayo.